Mwamko wa Sanaa wa Italia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanafunzi wa historia, waongoza watalii na wasomaji wa kawaida huuliza karibu maswali yaleyale kuhusu kipindi hiki. Majibu ya hapa yameelemea mji wa Florence, na yameelemea karakana, mikataba na madaftari ya hesabu kuliko sifa za vipaji. Vipaji vilikuwepo, hakuna anayebisha, lakini kipaji kisicho na mtu wa kulipia marumaru hakichongi kitu.

Mwamko wa Sanaa ulikuwa nini, na ulikuwa lini?

Ni kipindi cha takriban miaka 200, kuanzia katikati ya karne ya 14 hadi katikati ya karne ya 16. Katika miaka hiyo wasomi na mafundi wa miji ya Italia walirudi kuvichunguza vitabu, magofu na sanamu za Warumi na Wagiriki wa kale, na kwa yale waliyojifunza wakabadili namna ya kuchora, kuchonga, kujenga, kuandika na kufundisha. Baadaye mambo hayo yakafika Flanders, Ujerumani, Ufaransa, Hispania na Uingereza, kila mahali kwa wakati wake na kwa sura yake.

Tarehe moja ya kuanzia haipo. Wapo wanaoanza na mshairi Petrarch, ambaye mwaka 1345 alizikuta Verona barua za Cicero, msemaji maarufu wa Roma ya kale, zilizokuwa zimesahaulika kwa muda mrefu. Mimi napenda kuanza na mwaka 1401, kwa sababu mwaka huo kilitokea kitu kinachoweza kushikwa kwa mkono.

Kitu gani kilitokea mwaka 1401?

Zabuni. Mbele ya kanisa kuu la Florence kuna jengo la ubatizo lenye pembe nane. Msimamizi wake alikuwa chama cha wafanyabiashara wa nguo kiitwacho Calimala, na chama hicho kilitangaza shindano la kutengeneza milango mipya ya shaba. Mafundi saba walipewa kazi moja ya majaribio: kila mmoja asubu kipande kinachoonyesha Ibrahimu akitaka kumtoa Isaka sadaka.

Mwishoni walibaki vijana wawili wa miaka ya ishirini na kitu, Lorenzo Ghiberti na Filippo Brunelleschi, wote waliolelewa katika ufundi wa dhahabu. Ghiberti alishinda. Kazi yake ilipendeza, na pia ilitumia shaba pungufu kwa sababu aliisubu karibu yote kwa mkupuo mmoja, ilhali Brunelleschi aliunganisha vipande vingi. Wafanyabiashara walioketi kuamua walijua bei ya shaba, kwa hiyo tusidhani jambo hilo halikuwaingia akilini.

Milango ile ilimchukua Ghiberti hadi 1424. Akapewa mingine mwaka uliofuata, ikamaliza miaka 27 zaidi. Vipande vyote viwili vya majaribio bado vipo, vimetundikwa jirani katika jumba la makumbusho la Bargello, na kila mgeni hutoka pale akiwa na maoni yake kuhusu nani alistahili.

Kwa nini Florence, na si Paris au London?

Fedha kwanza. Florence ilinunua sufu, nyingine kutoka Uingereza kwenyewe, ikaisokota, kuifuma na kuitia rangi, kisha ikauza nguo za bei kubwa. Tangu 1252 mji huo ulifua sarafu ya dhahabu, florini, ambayo uzito wake uliaminika kiasi kwamba ilipokelewa katika masoko ya Ulaya nzima. Penye sarafu ya kuaminika, mabenki hayakawii.

Pili, ilikuwa jamhuri, angalau kwa jina. Hapakuwa na mfalme wa kuagiza kila kitu. Palikuwa na vyama 21 vya kazi, saba vikubwa na 14 vidogo, na kila kimoja kilitaka sanamu yake ionekane mtaani kuliko ya jirani. Nje ya kanisa la Orsanmichele utaona jambo hilo waziwazi: vyama vikubwa na baadhi ya vidogo vina vibanda vyao ukutani, kila kimoja na mtakatifu wake ndani yake, na vyama tajiri viliweka shaba mahali ambapo vingine viliweka mawe.

Wengine huongeza tauni ya mwaka 1348, iliyoua nusu ya watu wa mji huo au zaidi. Waliosalia walirithi mali za waliokufa na wakatumia nyingi kwa makanisa na misa za marehemu. Sababu hiyo ina uzito, lakini tauni iliipiga miji mingi ambayo haikumpata Brunelleschi. Hesabu ya kodi ya 1427 ilikuta Florence na wakazi wapatao 37,000 tu. Mji mdogo, wenye watu wanaojuana kwa majina na kwa madeni.

Ukoo wa Medici walikuwa wafalme?

Katika karne ya 15, hapana. Walikuwa wenye benki. Giovanni di Bicci aliifungua benki yao Florence mwaka 1397. Mwanawe Cosimo alifukuzwa mjini, akarudi 1434, na tangu hapo hadi kifo chake mwaka 1464 aliuongoza mji bila kuvaa taji, kwa kupanga nani aingie kwenye orodha za wanaochaguliwa na nani atolewe. Mjukuu wake Lorenzo, aliyeitwa Mtukufu, aliendeleza mtindo huo kwa ushairi mwingi na uhasibu mchache. Benki ikadhoofika mikononi mwake, na mwaka 1494, miaka miwili baada ya kufa kwake, ikasambaratika na ukoo ukafukuzwa tena. Ni katika karne ya 16 ndipo walipogeuka kuwa watawala wa kurithishana.

Watu wengi hudhani Medici ndio waliolipia kila kitu. Si kweli. Milango ya Ghiberti ililipiwa na chama cha nguo, kanisa kuu lilisimamiwa na chama cha sufu, na vikanisa vidogo vilivyo ndani ya makanisa vililipiwa na koo nyingine kama Brancacci, Strozzi na Tornabuoni.

Kanisa lilikataza riba. Wenye benki waliwezaje kutajirika?

Kwa njia ambazo msomaji wa pwani atazitambua mara moja. Hawakuandika riba. Waliandika hati za hawala: unapokea florini Florence, unalipa London baada ya miezi kadhaa kwa fedha ya huko, na faida imefichwa ndani ya bei ya kubadilishia fedha. Kwenye karatasi hakuna mkopo, kuna ubadilishaji wa sarafu tu.

Hata hivyo dhamiri ziliwasumbua, kwa sababu mapadri hawakuwa wajinga. Cosimo alitoa fedha nyingi kuijenga upya nyumba ya watawa ya San Marco, pamoja na maktaba iliyofunguliwa kwa wasomi katika miaka ya 1440. Vyumba vya kulala vya watawa vilipambwa na mtawa mwenzao, Fra Angelico. Ukitaka kujua kwa nini mtu wa benki analipia picha za watakatifu kwa miaka mingi mfululizo, kitubio ni sehemu kubwa ya jibu.

Msanii alilipwaje? Alichora anachotaka?

Hapana, na hili ndilo swali ninalotamani liulizwe kabla ya mengine yote.

Tuchukue mkataba mmoja uliobaki. Mwezi Oktoba 1485 Domenico Ghirlandaio aliahidi kuchora picha ya Mamajusi wakimwabudu mtoto Yesu, kwa ajili ya altare ya hospitali ya watoto waliotupwa, Innocenti. Mkataba unasema afuate mchoro uliokwisha kuonyeshwa. Rangi atanunua mwenyewe. Buluu lazima iwe ultramarini ya thamani ya karibu florini nne kwa wakia. Kazi iishe ndani ya miezi 30. Malipo ni florini 115, akipokea tatu kila mwezi, na mwakilishi wa hospitali ana haki ya kumwita mtu mwingine aitathmini kazi, ikionekana haifikii bei hiyo alipwe pungufu.

Soma masharti hayo taratibu. Hakuna neno hata moja kuhusu hisia za msanii.

Buluu ilitajwa kwa bei kwa sababu hapo ndipo fundi angeweza kudanganya. Ultramarini ilitoka kwenye jiwe la lapis lazuli lililochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan, na kupita mikono mingi hadi Venice. Jiwe lilisagwa, likachanganywa na nta na utomvu, kisha likakandwa ndani ya maji ya jivu hadi buluu safi ijitenge na uchafu. Palikuwa na buluu nyingine ya bei nafuu iliyotokana na madini ya shaba. Ikiwa mbichi ukutani mtu asiyejua angeweza kudanganyika, ila miaka ikipita huwa inageuka kijani. Ndiyo maana vazi la Bikira Maria lilikuwa pia tangazo la uwezo wa aliyelipa.

Kazi yenyewe haikufanywa na mtu mmoja. Karakana ilikuwa na bwana wake, wasaidizi wa kulipwa na wanagenzi waliosaga rangi, kuchemsha gundi na kupaka chokaa kwenye mbao. Mwaka 1488 kijana wa miaka 13 aliandikishwa katika karakana hiyohiyo ya Ghirlandaio: Michelangelo. Leonardo da Vinci naye alikulia katika karakana ya Verrocchio, na katika picha ya ubatizo wa Kristo iliyotoka huko, malaika mmoja ni kazi ya mkono wa mwanagenzi huyo.

Ile picha ya Innocenti ilikamilika na bado ipo palepale, katika makumbusho ya hospitali hiyo. Imeandikwa mwaka 1488, kwa hiyo fundi alijitahidi sana kufuata muda.

Kwa nini picha za kipindi hiki zina kina, ilhali za awali zinaonekana bapa?

Kwa sababu walipata kanuni ya hesabu ya kuonyesha umbali. Ukisimama katikati ya barabara iliyonyooka, kingo zake zinaonekana kukutana mbali kwenye nukta moja. Brunelleschi alionyesha jambo hilo kwa ubao uliochorwa jengo la ubatizo, wenye tundu dogo la kuchungulia kutoka nyuma kupitia kioo, mtu asijue anatazama picha au jengo lenyewe. Ubao huo umepotea. Msomi na msanifu majengo Leon Battista Alberti aliandika kanuni zenyewe mwaka 1435, ili mchoraji yeyote aweze kuzitumia.

Kabla ya hapo, karibu 1427, Masaccio alikuwa ameshachora Utatu Mtakatifu kwenye ukuta wa kanisa la Santa Maria Novella, na juu ya msalaba akachora dari la upinde linaloingia ndani kana kwamba ukuta umetobolewa. Alikufa mwaka 1428, akiwa hajatimiza hata miaka 30.

Usiseme basi kwamba wachoraji wa zamani hawakujua kuchora. Mtakatifu mkubwa mbele ya waumini wadogo, juu ya dhahabu tupu, ni lugha ya cheo, na waliielewa vizuri sana.

Kuba la Florence lilijengwaje bila jukwaa la kulibeba?

Kanisa kuu la Santa Maria del Fiore lilianzishwa 1296. Kufikia 1418 kuta zilikuwa zimesimama, na katikati paliachwa uwazi wa mita kama 45 ambao hakuna aliyejua namna ya kuufunika. Njia ya kawaida ilikuwa kujenga umbo la mbao chini, kupanga mawe juu yake na kuondoa mbao baada ya chokaa kukauka. Kwa upana ule na kwa urefu ule, mbao za kutosha zisingepatikana, na hata zingepatikana zingeelemewa na uzito wake zenyewe.

Pakatangazwa shindano jingine. Brunelleschi akasema atajenga bila umbo la mbao, na alikataa kueleza kila kitu kwa sababu aliogopa kuibiwa. Vasari, aliyeandika habari za wasanii zaidi ya miaka 100 baadaye, anasimulia kwamba aliwaambia wapinzani wake wasimamishe yai juu ya meza, wakashindwa, yeye akaligonga kitako likasimama. Hadithi tamu, sina hakika kama wakaguzi wa chama cha sufu wangekabidhi kanisa lao kwa sababu ya yai.

Ujenzi ulianza 1420, na msimamizi mwenza akawa yuleyule Ghiberti, jambo lililomchefua Brunelleschi kwa miaka. Ufumbuzi wake ulikuwa na sehemu kadhaa zinazotegemeana. Kuba ni mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati pana nafasi ya ngazi. Kuba la ndani ndilo nene linalobeba, la nje linazuia mvua na kuupa mji sura yake. Kati yake zimepita mbavu, na kuzunguka zimefungwa minyororo ya mawe yaliyoshikwa kwa vyuma, pamoja na mmoja wa mbao, ili kuba lisitanuke na kupasuka kwa chini.

Lakini ujanja wenyewe uko kwenye matofali. Kila baada ya matofali machache yaliyolazwa, moja husimamishwa wima na kupenya safu ya juu yake, hivyo mistari ya matofali wima inapanda kwa mshazari kuzunguka kuba. Tofali lililolazwa kwenye mteremko mkali lingeteleza kabla chokaa haijashika. Likiwa limebanwa kati ya yale ya wima haliendi popote. Kwa hiyo kila mzunguko ulipokamilika ulijibeba wenyewe, na mafundi walisimama juu ya kazi ya jana kujenga ya leo. Yalitumika matofali zaidi ya milioni nne.

Kuyapandisha nako kulihitaji akili. Brunelleschi alibuni mashine ya kuinulia mizigo iliyozungushwa na ng'ombe, yenye gia za kubadili mwelekeo, mzigo ukapanda au ukashuka bila kuwafungua na kuwageuza wanyama. Na si kila alichobuni kilifaulu: mwaka 1421 serikali ya Florence ilimpa hataza, yaani haki ya pekee ya kutumia ubunifu wake, ya miaka mitatu kwa ajili ya mashua kubwa ya kubebea mizigo kwenye mto Arno, mojawapo ya hataza za mwanzo kabisa duniani, na mashua hiyo ikaja kuzama na shehena ya marumaru.

Tarehe 25 Machi 1436 Papa Eugenio wa Nne alilitabaruku kanisa. Miezi michache baadaye kuba likafungwa. Brunelleschi alikufa 1446 kabla mnara mdogo wa juu haujakamilika. Leo wageni hupanda ngazi 463 kupita katikati ya kuba hizo mbili, na njiani matofali ya mshazari yanaonekana kabisa, ukiwa bado na pumzi ya kuyatazama.

Ni kweli Michelangelo alichora dari la kanisa dogo la Sistine, kwa Papa huko Roma, akiwa amelala chali?

Si kweli. Alisimama juu ya jukwaa alilolibuni mwenyewe, kichwa kimepinda nyuma, rangi ikimdondokea usoni. Aliandika shairi la kulalamikia hali hiyo na pembeni akajichora, amesimama. Kazi ilimchukua kutoka 1508 hadi 1512, na muda wote alisisitiza kwamba yeye ni mchongaji.

Katika kuchonga alikuwa ameshathibitisha. Sanamu ya Daudi, yenye urefu wa mita 5.17, aliitoa kati ya 1501 na 1504 katika jiwe ambalo mafundi wengine walilianza tangu 1464 wakaliacha. Ilipokaribia kwisha, iliundwa kamati ya kuamua isimamishwe wapi, na Leonardo na mchoraji Botticelli walikuwa miongoni mwa wajumbe. Iliyo leo katika uwanja mkuu wa Florence ni nakala. Yenyewe ilihamishiwa ndani mwaka 1873.

Mona Lisa ni ya Kiitalia. Mbona iko Paris? Iliibiwa na Napoleon?

Napoleon alichukua vitu vingi Italia, lakini si hiki. Leonardo aliipeleka Ufaransa mwenyewe alipohamia huko kwa mwaliko wa Mfalme Francis wa Kwanza, na akafia Amboise mwaka 1519. Picha ikabaki kwa wafalme wa Ufaransa. Iliibiwa kweli mwaka 1911, na mwizi alikuwa Mwitalia, Vincenzo Peruggia. Ilipatikana Florence 1913 ikarudishwa.

Picha za Leonardo zinazokubalika kuwa zake hazifiki hata 20. Alikawia, aliacha kazi nusu, na alipenda majaribio. Karamu ya Mwisho kule Milan aliichora kwenye ukuta mkavu badala ya lipu mbichi, ili aweze kurudiarudia, na rangi ikaanza kubanduka angali hai.

Waislamu walichangia nini?

Mengi, na vitabu vya shule huyapitia mbio. Wasomi wa Toledo, Hispania, katika karne ya 12 walitafsiri kutoka Kiarabu vitabu vingi vya tiba, falsafa na nyota, vikiwemo vya Wagiriki ambavyo Ulaya Magharibi haikuwa navyo. Kitabu cha tiba cha Ibn Sina kilifundishwa katika vyuo vya Ulaya hadi karne ya 17. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefanya kazi Cairo, alieleza jinsi jicho linavyopokea mwanga, na Ghiberti wetu wa milango alinakili sehemu ndefu za mafundisho hayo katika maandiko yake. Tarakimu zenyewe zilizotumika kwenye madaftari ya benki zilienezwa Italia na Leonardo Fibonacci wa Pisa kwa kitabu chake cha 1202, baada ya kujifunza hesabu hizo Bejaia, Algeria.

Wachoraji walijua. Raphael alipochora Shule ya Athens, picha ya wanafalsafa wa kale, ndani ya jumba la Papa, kati ya 1509 na 1511, alimweka mwanafalsafa Ibn Rushd humo na kilemba chake. Na katika picha ya Mamajusi ya Gentile da Fabriano, ya mwaka 1423, duara la utukufu nyuma ya kichwa cha Maria limepambwa kwa maandishi ya kuiga Kiarabu. Vyombo na vitambaa vya Misri na Shamu vilikuwa fahari ya nyumba za matajiri, na maandishi ya namna hiyo yalionekana kuwa ya nchi takatifu.

Si ni kuanguka kwa Constantinople mwaka 1453 kulikoleta Mwamko?

Kulichochea tu jambo lililokuwa limeshaanza. Mwalimu Mgiriki Manuel Chrysoloras alikuwa akifundisha Florence tangu 1397, na mwaka 1439 mfalme wa Bizanti, dola ya Wagiriki iliyotawaliwa kutoka Constantinople, alikuja Florence na wanazuoni wake kwa ajili ya mtaguso (mkutano mkuu) wa makanisa. Waliokimbia baada ya 1453 walileta vitabu zaidi. Kadinali Bessarion alitoa vyake kwa Venice mwaka 1468, vikawa chanzo cha maktaba kubwa ya mji huo. Wakati huo mashine za kupiga chapa zilikuwa zimefika Italia kutoka Ujerumani, na hapo kitabu cha Kigiriki hakikuwa tena siri ya mtu mmoja.

Wanawake walikuwa wapi?

Wengi walifungiwa nje ya karakana. Msichana wa familia yenye uwezo aliandaliwa kuolewa au kuingia utawani. Florence ilikuwa hata na mfuko wa serikali wa kuweka akiba ya mahari, ulioanzishwa 1425, kwani huko mahari ilitoka kwa baba wa binti kwenda kwa mume.

Waliopenya walipitia kwa baba msanii, utawani au ikulu. Lavinia Fontana wa Bologna alifundishwa na baba yake, akaitegemeza familia yake kwa kuchora. Sofonisba Anguissola wa Cremona alifika hadi ikulu ya Hispania. Plautilla Nelli, mtawa wa Florence, alichora Karamu ya Mwisho yenye urefu wa karibu mita saba, na tangu 2019 picha hiyo imetundikwa Santa Maria Novella baada ya kutengenezwa upya.

Waafrika walikuwepo Italia wakati huo?

Ndiyo, kwa hali tofauti sana. Mwaka 1441 watawa wa Ethiopia walifika kwenye mtaguso wa Florence kama wajumbe. Kwa upande mwingine palikuwa na watumwa: tangu 1363 Florence iliruhusu kuingizwa watumwa wasio Wakristo, mwanzoni wengi wakitoka pande za Bahari Nyeusi, na baadaye Waafrika walioletwa kupitia Lisbon. Alessandro de' Medici, aliyekuwa mtawala wa Florence hadi alipouawa mwaka 1537, anasadikiwa na wanahistoria wengi kuwa mama yake alikuwa mtumishi mwenye asili ya Afrika.

Na alikuwepo twiga. Sultani Qaitbay wa Misri alimpelekea Lorenzo de' Medici mwaka 1487, mji mzima ukatoka kumtazama, lakini hakuishi muda mrefu. Wachina waliwatangulia katika hilo: Malindi ilishampelekea mfalme wao twiga mwaka 1415.

Pwani ya Afrika Mashariki inahusika vipi?

Kwa machungu na kwa mawe. Mwaka 1505, sanamu ya Daudi ikiwa haijatimiza miaka miwili uwanjani, meli za Francisco de Almeida ziliipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Sehemu ya mtaji wa msafara huo ilitoka kwa wafanyabiashara wa Ujerumani na Italia, wakiwemo wa Florence. Mtu akisifia utajiri uliolipia picha nzuri, ni haki pia auulize ulitoka wapi.

Mawe yako Mombasa. Fort Jesus ilijengwa kuanzia 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Milan aliyewatumikia Wareno. Pembe zake zilizochomoza ni ufundi wa Kiitalia uliobuniwa baada ya mizinga kuzishinda kuta ndefu na nyembamba za zamani: kutoka kila pembe, mlinzi anaweza kuupiga ukuta wote wa jirani. UNESCO ilipoiorodhesha mwaka 2011 ilitaja kwamba umbo lake linafuata fikra ya Mwamko, kuwa vipimo kamili vinapatikana katika mwili wa binadamu. Vipimo hivyo havikuwaokoa Wareno. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 na kuiteka Desemba 1698.

Kilikuwa kipindi cha amani na furaha?

Hata kidogo. Mwaka 1478 Giuliano, ndugu yake Lorenzo, alichomwa visu hadi kufa ndani ya kanisa kuu, chini ya lile kuba, misa ikiendelea. Baada ya Medici kufukuzwa, mtawa Savonarola aliutawala mji kwa mahubiri, na Februari 1497 wafuasi wake walikusanya vioo, mavazi, karata, vitabu na picha, wakavichoma uwanjani. Mei 1498 yeye mwenyewe alinyongwa na kuchomwa katika uwanja huohuo.

Uliisha lini?

Roma ilipotekwa na kuporwa na askari wa Kaisari Karolo wa Tano mwaka 1527, wasanii wengi walitawanyika, na hapo ndipo wengi wanapoweka mpaka. Kanisa nalo lilikuwa limepasuka. Ujenzi mpya wa kanisa la Mtakatifu Petro, ulioanza 1506, ulihitaji fedha, na uuzaji wa rehema, yaani hati za kupunguziwa adhabu ya dhambi, ili kuzipata ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyomfanya mtawa Mjerumani Martin Luther aandike hoja zake mwaka 1517. Wakuu wa Kanisa wakawa wakali kuhusu picha. Mwaka 1565 Daniele da Volterra alipewa kazi ya kuwachorea nguo watu walio uchi katika Hukumu ya Mwisho ya Michelangelo, na watu wa Roma wakampachika jina la mshona suruali.

Nikipata nafasi ya kwenda Florence, nianze wapi?

Wageni wengi hukimbilia jumba la picha la Uffizi kwa ajili ya Botticelli, na foleni ni ndefu. Anza Bargello, kwenye vile vipande viwili vya 1401. Kisha vuka mto hadi kanisa la Carmine, kwenye ukuta aliouchora Masaccio wa Adamu na Hawa wakifukuzwa bustanini: weka nafasi mapema, kwa sababu wanaingiza watu wachache kwa zamu. Panda kuba asubuhi kabla ya joto, nalo pia kwa kuweka nafasi. Uffizi na jumba lenye Daudi hufungwa Jumatatu.